Tope la Jiwe la Manjano

Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu cha jikoni. Unaulaza juu ya kinoo, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kisha unausukuma makali yakitangulia. Mgongo ndio unaoshika pembe. Linalobaki ni kuchagua cha kuweka kati ya chuma na jiwe: maji matupu, tope au povu la sabuni, na hapo ndipo nyembe nyingi nzuri huharibiwa.

Mimi hutumia kotikuli, jiwe la manjano la Vielsalm, katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Pale jirani, Salmchâteau, lina jumba lake la makumbusho, na linastahili. Tabaka lake ni jembamba, kwa hiyo mara nyingi huuzwa likiwa limegundishwa juu ya jiwe jingine la kulibeba. Ndani yake mmejaa chembe ndogo mno za garneti, nazo ndizo zinazokula chuma. Ukilimwagia maji ukalisugua kwa kipande cha kotikuli, chembe hizo hung'oka zikaelea. Hilo ndilo tope. Likiwa zito kama maziwa, jiwe hukata upesi, na tope huingia rangi ya kijivu kwa unga wa chuma.

Lakini tope hilohilo huyafifisha makali. Kila wembe unapopita, ncha yake hugongana na chembe zinazoelea, ikabaki butu kidogo, na kuendelea kunoa katika tope zito hakuiponyi. Basi nachovya kidole majini: tone moja, mapito machache, tone jingine, huku nikipunguza uzito wa mkono, mpaka jiwe libaki na maji safi. Hatua hii naipenda kuliko zote. Wembe huanza kunata jiweni, na sauti yake hubadilika.

Povu lina kazi nyingine. Vinyozi wa zamani wa Ulaya na Marekani walikuwa na vinoo vidogo vya kiwandani, Swaty kwa mfano, ambavyo wengine walivipaka povu la kunyolea ili kuhuisha makali. Povu halina chembe za kukata. Hutelezesha wembe, hubeba unga wa chuma usizibe jiwe, na hupunguza ukali wa jiwe lenyewe, kwa hiyo wembe uliokufa makali haliufai. Mimi hulipaka mwisho kabisa, juu ya kotikuli iliyosuuzwa isibaki na tope hata kidogo. Baada ya hapo nausuuza wembe, naukausha, naupitisha kwenye ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, maana makali yakitangulia yataikata ngozi.