Dhahabu Iliyolala kwenye Marudio

Nenda kwenye makarasha ya Nyarugusu, mkoani Geita. Mawe yakishasagwa, unga unapitishwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia. Kinachonaswa kinachanganywa na zebaki, kinakamuliwa kwa kitambaa, kisha kinachomwa. Mchimbaji anaondoka na kidonge chake. Tope lililobaki, marudio, mara nyingi huhesabiwa kuwa la mwenye karasha, kama pumba zinavyobaki kwa mwenye mashine ya kukoboa.

Tupige hesabu ya mfano. Kikundi cha watu 8 kimetoa duarani, yaani shimoni, mifuko 200 ya mawe ya kilo 50, yaani tani 10, na mwamba una gramu 8 za dhahabu kwa tani. Hapo kuna gramu 80. Zebaki ikinasa asilimia 40, na si wote wanaofika huko, zinapatikana gramu 32. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Bei ikiwa dola 3,110 kwa wakia, kiwango ambacho soko la dunia lilikipita mwaka 2025, gramu moja ni dola 100. Jumla dola 3,200. Kwenye soko la madini, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinakata 224. Zinabaki 2,976.

Sasa mgao. Mwenye leseni akichukua mifuko 60, kikundi kinabakiwa na thamani ya dola 2,083. Gharama tuzikadirie dola 200 kwa tani: magogo ya duara, baruti, dizeli ya kuvuta maji, kusaga, na ugali wa watu wanaoshinda na nyundo. Zimekwenda 2,000. Watu 8 wanagawana dola 83. Na hapo sijagusa miezi ya kutoa mawe matupu kabla ya kuukuta mwamba.

Gramu 48, wakati huo, zimelala kwenye marudio. Mwenye matangi ya sianidi, dawa inayoyeyusha dhahabu, akizitoa kwa asilimia 90 anapata kama gramu 43. Akatwe tozo, alipe dawa na umeme, bado amewapita mbali wale 8, naye duarani hajashuka.

Ndiyo maana sishawishiki na wimbo wa mashine kubwa zaidi za kusaga: zinaharakisha upotevu uleule. Kwa unasaji wa asilimia 40, mwamba unaanza kulipa kwenye gramu 5.4 kwa tani, hata kabla ya fungu la mwenye leseni. Kwa asilimia 90, ukiongeza dola 60 za uchenjuaji kwa kila tani, gramu 3.1 zinatosha. Mwamba wa gramu 4 ni hasara kwa anayenasa asilimia 40, faida kwa anayenasa 90.

Matangi hayajengwi kwa mchango wa watu 8, na sianidi si ya kuchezea uani. Ila kikundi kinaweza kupatana na mwenye karasha mapema: kusaga kulipwe kwa fedha, marudio yabaki kwa wachimbaji, sampuli ipelekwe maabara, na mnunuzi alipe kwa gramu zilizomo, si kwa lori.