Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Je, Hulipwa?

Wahenga walituachia neno kwamba mcheza kwao hutuzwa. Neno hili twalisema kila siku, na aghalabu twalisema kwa furaha. Lakini wako watu katika mji wetu wa Mombasa ambao kwao hii si methali tu, bali ni hesabu ya unga na kodi ya nyumba. Watu hao ni waimbaji wa taarabu wanaojitegemea, wale wasio na chama wala mfadhili, ambao mali yao yote ni udi mmoja, sauti waliyojaliwa na Mola, na daftari lililojaa nyimbo.

Msomaji asidhani kuwa nawazungumzia mabingwa peke yao. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alikuwa na jina lililotosha kujaza uwanja. Marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, aliuliza udi wake mpaka Ulaya ikasikiliza. Maulidi Juma na Bi Zuhura Swaleh nao nyimbo zao zilivuka bahari. Lakini kwa kila jina kama hayo, wako kumi ambao twawajua kwa sura tu, twawaita tunapokuwa na shughuli, na kesho yake tukipishana nao Kibokoni au Majengo hatuwakumbuki.

MLANGO MMOJA WA RIZIKI

Hapo zamani mwimbaji alikuwa na milango miwili ya riziki. Mmoja ulikuwa ni sahani za santuri, kama zile za Mzuri zilizotolewa papa hapa Mombasa, kisha zikaja kaseti, ambazo kina sisi tulizifuata katika duka la Mbwana Radio Service. Mlango wa pili ulikuwa ni arusi. Na ukitazama sana, hata huo mlango wa kwanza ulipitia arusini, kwani kaseti nyingi zilinaswa pale pale kwenye shughuli, na ukizisikiliza wasikia vigelegele na watoto wakilia. Hata kampuni ya GlobeStyle ya London ilipotoa rekodi ya Maulidi mwaka 1990, arusi ya Mombasa ndiyo iliyotiwa katika jina la rekodi hiyo.

Mlango wa kaseti ulianza kufungwa na wanakilishaji. Mmoja hununua, mtaa mzima ukasikiliza. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 tunayo, lakini sheria haikeshi arusini. Leo kila mgeni ana simu mkononi. Mwimbaji huanza ubeti wa kwanza saa nne za usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri wimbo ule umekwisha fika Lamu, Unguja na Maskati, naye mwenyewe hajapata hata ndururu. Basi mlango uliobaki ni mmoja: ule usiku wenyewe, yeye na watu walio mbele yake.

HESABU YA USIKU MMOJA

Tumfuate basi mwimbaji wetu kwa usiku mmoja, tuone. Tuseme amepatana na mwenye arusi shilingi 30,000, naye amepewa arubuni 10,000. Kwa kuwa hana chama, hukusanya wapigaji mmoja mmoja: wa fidla, wa kinanda, wa tabla, wa dumbaki na wa rika. Watu watano, kila mmoja 2,500, hizo ni 12,500. Vipaza sauti vya kukodi pamoja na fundi wake, 8,000. Gari la kwenda na kurudi, 4,000. Jumla ni 24,500. Kilichobaki kwake ni 5,500, na humo mna nyuzi za udi, mna dawa ya koo, na mna mtunzi wa maneno, ambaye aghalabu hulipwa kwa kuambiwa ahsante. Mimi nimewatungia waimbaji tangu ujana wangu, na ujira niliouzoea ni sahani ya pilau. Silalamiki, pilau ilikuwa nzuri.

Sasa itazame vyema hesabu hiyo. Mwimbaji ana 10,000 mkononi, na anadaiwa 24,500 kabla ya jua kuchomoza. Zile 14,500 za kuongezea zimo katika baki ambayo mwenye arusi ameahidi kuitoa shughuli ikiisha. Na shughuli huisha saa nane au saa tisa za usiku, wakati ambao baba wa bibi arusi amekwisha lala, mjomba hajulikani alipo, na aliyebaki pale ni kijana wa kukusanya viti. Asemalo kijana ni kwamba wenyewe wamesema mje kesho. Ikiwa arusi ilikuwa Likoni, mwimbaji hungoja feri usiku ule pamoja na wapigaji wake watano, wote kimya, wote wakimtazama yeye.

Rafiki yangu mmoja mpiga udi, ambaye jina lake nitalisitiri, alinieleza kuwa lililomuuma zaidi katika kazi hii si kucheleweshwa. Lililomuuma ni usiku alioambiwa kuwa hana baki anayodai, kwani tuzo alizotuzwa zimekwisha izidi. Kina mama walikuwa wamemtuza vizuri, naam, na mwenye shughuli alikuwa akihesabu noti kwa macho. Alirudi nyumbani akawagawia wenzake zile tuzo zote, na yeye akabaki na udi wake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tuzo ni zawadi itokayo mfukoni mwa mgeni, kwa sababu wimbo umemgusa. Ujira ni deni lililo shingoni mwa mwenyeji, kwa sababu amepatana. Mwenyeji anayekata ujira kwa kuhesabu tuzo amelipa deni lake kwa mali ya wageni wake. Sijui kama angefanya hivyo kwa mpishi wa biriani.

NOTI NA FUMBO

Tena tuzo yenyewe si jambo jepesi kama tulionavyo kwa mbali. Katika usiku wa wanawake, wimbo hausikilizwi kwa masikio tu. Mwimbaji akifika ubeti wenye fumbo, huinuka mama mmoja, akaja polepole kwa mwendo wa ngoma huku amepunga noti juu, na macho yake hayamtazami mwimbaji, yamtazama fulani aliyekaa upande wa pili. Fulani naye hainuki na noti moja, huja na mbili. Na ada ya taarabu ni kuwa ubeti unaotuzwa hurudiwa. Basi hurudiwa mara tatu, mara nne, na noti zazidi, na mwimbaji yuko katikati kama kamba ya kuvutana.

Fedha zinaingia, ni kweli. Lakini kesho yake maneno huenea mtaani kwamba alihongwa amtukane mke wa watu. Yule rafiki yangu alipata kuendewa mchana wa arusi, akapewa bahasha, akaombwa aimbe wimbo fulani mara tatu akiwa ameelekea upande fulani wa ukumbi. Aliirudisha bahasha. Alisema wimbo ule aliutoa kwa watu wote, kila mwenye jambo lake alisikie humo, na akimlenga mtu mmoja hautakuwa wimbo tena, utakuwa ni jiwe. Nyumba ile haikumwita tena, wala jamaa zao. Kwa mtu mwenye mlango mmoja wa riziki, hilo ni pigo, naye alilijua kabla hajaurudisha mkono wake.

Msomaji, ungekuwa wewe, ungerudisha?

MIEZI YA NJAA

Kazi hii ina majira kama ya uvuvi. Mwezi wa Mlisho, watu wakivunja jungu, mwimbaji huitwa huku na huku mpaka sauti ikakauka. Ramadhani ikiandama, udi hutiwa mfukoni, na hilo ndilo liwapasalo waja. Ikifika Mfunguo Mosi, arusi huanza upya. Mwenye akili huweka akiba, na wengi wana kazi zao za mchana, huyu cherehani, yule tuktuk.

Lakini hakuna aliyeweka akiba kwa ajili ya mwaka 2020. Mwezi Machi mikusanyiko ilipigwa marufuku kwa sababu ya maradhi ya korona, na kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo tukakatazwa kutoka nje usiku. Amri hiyo iliendelea, saa zake zikibadilika, hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa mwenye duka usiku ni wakati wa kulala; kwa mpiga taarabu usiku ndio duka lenyewe. Wako waliouza vipaza sauti, na wako waliouza hata ala. Waliporudi, walikuta shughuli nyingi zimezoea kinanda kimoja cha umeme na mtu mmoja wa kubonyeza, au vikundi vya kasida, ambavyo ni vizuri na vina heshima yake. Aliyetaka fidla na tabla alianza kuonekana kama mtu wa gharama.

LA KUFANYA

Najua miongoni mwetu wako wasioziridhia ala, na suala hilo lina wenyewe, nao ni maulamaa. Mimi nasema na yule aliyekwisha kuridhia, akamwendea mwimbaji kwa miguu yake na kupatana naye bei. Huyo amejifunga. Sura ya Al-Maida hufunguliwa kwa amri ya kutimiza mapatano, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuusia ujira wa mtu usingoje jasho lake likauke. Maneno hayo hayakumbagua mjenzi na mwimbaji.

Basi yaandikwe mapatano, japo kwenye karatasi ya daftari, na shahidi awepo. Nusu itolewe siku ya kupatana, na baki itolewe kabla ya wimbo wa mwisho, wenye shughuli wakiwa wangali macho. Tuzo zibaki kuwa za waliotuzwa. Mwenye ugomvi wake aumalize kwa wazee, asiununulie ubeti. Na waimbaji nao watimize upande wao: wafike kwa wakati, na wasimwache mwenyeji wakakimbilia kwa aliyeongeza shilingi, kwani hayo pia tumeyaona, na yamewaharibia wengi jina.

Tukiyafanya haya, atakayecheza kwao atatuzwa na atalipwa pia. Nami nawaaga kwa ubeti huu, ambao mwenye arusi anaweza kuubandika ukutani:

Mwimbaji ni mtu pia, ana nyumba ana wana,
Bei mliyoridhia, mpe yote kwa bayana,
Tuzo wakimtilia, si bei mlopatana,
Jasho lingali mwilini, ujira umfikie.