Kutoka Samisami hadi Mkorogo

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Kazeh, kituo kilichokuja kujulikana kama Tabora, ilibeba vitambaa vya merikani na kaniki, nyaya za shaba na shanga. Mfanyabiashara aliyekosea aina ya shanga alikula hasara. Shanga nyeusi zilipokewa kama fedha Ugogo, lakini kwingine njiani hazikuwa na thamani. Nyekundu, samisami, zilipendwa kuliko zote. Mchuuzi alifuata matakwa ya wavaaji, na pambo likivuliwa, mwili ulibaki uleule.

Tangazo la biashara hufanya kinyume. Kwanza humwonyesha mwanamke kasoro, weusi au unene, kisha humuuzia tiba yake. Rangi ya maji ya kunde, iliyosifiwa tangu zamani, hugeuzwa "kabla" kwenye picha mbili za kabla na baada.

Serikali ya Tanzania ilijaribu kuzuia shinikizo hilo. Mwaka 1968 mashindano ya Miss Tanzania yalipigwa marufuku, na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Kwa vitendo, wanawake ndio waliozongwa barabarani, jambo ambalo halikuwa ukombozi hata kidogo. Mashindano yalirudi mwaka 1994, mwaka uleule ITV ilipoanza kurusha matangazo, na neno "miss" likawa jina la mtaani la msichana mwembamba. Siku hizi simu inadai pia umbo namba nane, kwa picha zilizokwisha kurekebishwa.

Athari ya picha za aina hiyo imewahi kupimwa Fiji, katika jamii iliyothamini miili minene. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mwaka 1998, asilimia 11 ya wasichana waliohojiwa walikuwa wakijitapisha ili wapungue. Mwanzoni hakuwepo hata mmoja.

Nchini Tanzania madhara huonekana zaidi kwenye ngozi. Mkorogo, krimu ya kujichubua, huchanganywa kwa mkono kutoka makopo kadhaa. Uso hung'aa, vifundo vya vidole hubaki vyeusi, na watani husema "uso Fanta, miguu Coca-Cola". Utani huo unamwonea aliyedanganywa na kumwacha muuzaji. Baadhi ya makopo hayo huwa na kemikali hatari. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi-bluu. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba. Zebaki hupenya hadi kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa 60 wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi.

Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Aliyewahi kuvitumia akaona uso au miguu inavimba afike hospitali kupimwa figo, na aende na kopo lenyewe.