Je, Wajua? Antimata nayo hung'aa kwa rangi zilezile

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Geuza chaji zote mbili, upate antihaidrojeni, atomu ya antimata: antiprotoni hasi, positroni chanya. Watafiti wa jaribio la ALPHA katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, huitengeneza wenyewe. Kazi ngumu ni kuitunza, kwani ikigusa tu ukuta wa chombo, huangamia papo hapo. Basi huiweka kwenye ombwe na kuishikilia kwa sumaku, ikiwa na halijoto isiyofikia hata nusu digrii juu ya sifuri halisi.

Mwaka 2016 waliimulika kwa leza ya urujuanimno ya nanomita 243. Positroni ilimeza fotoni mbili kwa mpigo na kupanda ngazi ya nishati. Mwaka 2018 kipimo cha mwanga huo unaoipandisha kilifikia usahihi wa sehemu 2 kwa trilioni, na hakikupishana na cha haidrojeni. Ajabu kubwa! Maana yake, nyota ya antimata, kama ipo, ingemulika kama Jua letu, na rangi za mwanga wake pekee zisingeweza kuifichua.