Je, Wajua? Ng'ombe Naye Ana Chake Kilabuni

Hebu sogea hapa. Kila lita 100 za bia zinazopikwa kiwandani huacha kilo 20 hivi za machicha mabichi. Wewe unahesabu kreti, mfugaji anahesabu madebe!

Je, wajua machicha hayo yanayashinda mahindi kwa protini? Yakikaushwa, karibu robo yake ni protini; punje ya mahindi ina asilimia 9 tu hivi. Mpika bia anatafuta sukari. Akishaikamua, protini anamwachia ng'ombe, na mimi naona ng'ombe ndiye aliyepata.

Usicheke, halewi! Kiwandani machicha huchujwa kabla hamira haijatiwa, kwa hiyo kilevi bado hakijaingia. Pombe ya komoni ya Njombe sasa, hiyo huchujwa ikiwa imeshaiva, na machicha yake yanabaki na kilevi. Huyo ng'ombe mpimie kidogo kidogo.

Mbeya kuna kiwanda cha bia tangu 2009, na kutoka pale hadi Makambako ni kama kilomita 170. Piga hesabu nami: machicha mabichi ni maji kwa asilimia 75 hadi 80. Lori likipakia tani 10, karibu tani 8 ni maji! Yaani unachoma dizeli kupeleka maji Makambako.

Kwenye joto la Dar es Salaam, siku chache tu machicha yameharibika. Baridi ya Njombe inasaidia, lakini dawa hasa ni shimo au pipa: shindilia, funika kwa nailoni, hewa isipenye, nayo yatakaa wiki hata miezi. Ukiona ukungu, mwaga. Sumukuvu hupita kwa ng'ombe ikatokea kwenye maziwa, na hata uyachemshe vipi haitoki!

Je, wajua ng'ombe wa maziwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku? Mate, ndiyo! Huyatoa anapocheua majani, na ndiyo yanayotuliza tindikali tumboni. Machicha hayamtafunishi vya kutosha. Ndiyo maana hupewa kilo 10 hadi 15 kwa siku, kisha anajazwa mabingobingo.

Waliosahau majani waliona. New York, miaka ya 1850, ng'ombe walifungwa kwenye mabanda kando ya viwanda vya pombe kali, wakilishwa masalia ya moto moja kwa moja kutoka kiwandani, karibu bila kingine. Maziwa yalitoka mepesi, ya kibuluu. Unajua wauzaji walifanya nini? Wakayatia chokaa yaonekane meupe! Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie likaanika kila kitu kwa picha za kuchorwa, na mwaka 1862 jimbo likatunga sheria ya kuzuia biashara hiyo.

Uskochi nako, machicha ya wiski yanalisha ng'ombe hadi leo, ila wenzetu wanachanganya na majani.

Na ulanzi je? Hapo ng'ombe kakosa! Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga uliokatwa ncha, unadondokea kwenye chombo kiitwacho mbeta na kuchachuka wenyewe. Hakuna nafaka, hakuna kuchuja, hakuna machicha. Ukiinuka kilabuni umeshiba ulanzi, ng'ombe nyumbani bado anakudai majani.