Badiliko la Tanuri Si Jambo Dogo

Historia ya nyonga bandia za kauri ina somo ambalo twaona yafaa likumbushwe. Mwaka 1970, huko Pau nchini Ufaransa, daktari wa upasuaji Pierre Boutin alianza kuwawekea wagonjwa nyonga za aina hiyo. Kusudi lake lilikuwa jema. Viungo vilivyozoeleka wakati ule vilikuwa na tufe la chuma lililozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki ikisagika, unga wake huuchokoza mwili hata mfupa ukaliwa na kiungo kikalegea. Kauri husagika kidogo mno.

Lakini kisicholika chaweza kuvunjika. Baadaye ilikuja zirkonia, kauri iliyopendwa kwa kuwa ilistahimili mipasuko kuliko alumina iliyoitangulia. Kiwanda cha Saint-Gobain Desmarquest, nacho cha Ufaransa, kilitengeneza matufe ya zirkonia kwa miaka mingi na kwa sifa njema. Mwaka 1998 kikabadili tanuri: badala ya kuokwa fungu kwa fungu, matufe yakawa yakipita mfululizo katika tanuri refu. Umbo lilikuwa lile lile, na jina lile lile. Hata hivyo, uokaji mpya uliharibu umbile la ndani la baadhi ya mafungu. Matufe yakaanza kupasuka ndani ya miili ya watu. Agosti 2001 yakaondolewa sokoni, ilhali mengine yalikuwa yamekwisha kuwekwa nyongani.

Bakuli likivunjika, vigae hufagiwa. Vigae vya nyonga hutawanyika katika nyama, na mgonjwa hana budi kupasuliwa tena. Tena akiwekewa tufe la chuma, chembe zilizosalia hulila kama msasa.

Hatusemi kauri ikataliwe. Kauri za leo zinazochanganya alumina na zirkonia huvunjika kwa nadra sana. Tusemalo ni kwamba kiwanda kinachobadili namna ya kuoka kimetengeneza kitu kipya, na kitu kipya sharti kipimwe upya kabla ya kuingizwa mwilini mwa binadamu. Wakaguzi wasitosheke na sifa ya zamani.

Hospitali nazo ziandike aina ya kila kiungo na namba ya fungu lake, na mgonjwa apewe nakala. Sweden ina daftari la taifa la nyonga bandia tangu mwaka 1979. Pasipo daftari, aliyebeba kiungo kibovu hatajulikana mpaka siku kitakapompasukia.