Seli haibebi mzigo peke yake

Kila asubuhi hapa Murara tunawaona vijana wa chukudu wakisukuma magunia ya makaa na viazi. Shika kiganja cha mmoja wao: utakuta sugu ngumu. Ngozi hiyo ilikuwa laini siku alipozaliwa. Inawezaje kuvumilia msuguano huo kila siku bila kuchanika?

Jibu liko ndani ya seli. Seli si mfuko wa maji tu; ndani yake mna kiunzi cha nyuzi za protini, nazo ni za aina tatu. Aktini huipa seli umbo na nguvu ya kuvuta. Kidonda kinapopona, husaidia seli kusogea na kukifunika. Mikrotubuli ni mirija midogo, na ndiyo barabara za kusafirishia vitu ndani ya seli. Aina ya tatu huitwa nyuzi za kati. Katika ngozi, nyuzi hizo ni keratini, za ukoo mmoja na protini ya kucha na nywele. Uzi wa namna hii unaweza kuvutwa hadi kupita mara mbili ya urefu wake kabla ya kukatika.

Hata hivyo, seli moja yenye nyuzi imara haitoshi. Nyuzi za keratini zimefungwa kwenye vifungo vinavyoishikanisha seli na jirani zake. Ngozi ikivutwa mahali pamoja, mzigo unagawanywa kwa seli nyingi. Tukumbuke mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ya Goma ikatikisika siku kadhaa. Nyumba ya mbao huyumba kisha husimama tena, kwa sababu kila ubao umepigiliwa kwa mwenzake. Ukuta wa matofali usio na chuma ndani hupasuka.

Kuna watoto wanaozaliwa na kosa dogo katika jeni la keratini. Watafiti walilithibitisha jambo hilo mwaka 1991. Kiunzi cha seli zao ni dhaifu, na msuguano mdogo tu, wa nguo au wa kubebwa mgongoni, huwatoa malengelenge.

Tunaandika haya kwa sababu mama wa mtoto wa namna hiyo husikia maneno mengi: amelaaniwa, amerogwa, ametenda dhambi. Si kweli. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na kosa la mzazi. Mtoto anahitaji nguo laini zisizobana, mikono ya upole, vidonda visafishwe vizuri, na daktari amwone mapema. Mama naye anahitaji majirani watakaoketi karibu naye kanisani bila kuogopa kumpokea mtoto. Mzigo wake ukigawanywa, hatapasuka.